Sikusubiri Daktari Amalize

Mdogo wangu mpenzi, kitindamimba wetu,

Pokea salamu nyingi, wewe, shemeji na wapwa zangu wote humo ndani. Natumaini mgongo umetulia, na sare za shule hazijakumaliza macho. Sisi huku ni wazima. Na safari hii neno "wazima" naliandika kwa kukandamiza kalamu, maana lina ushahidi wa maabara!

Juzi nilikwenda kwa daktari wa kifua kuchukua majibu ya damu. Chumba chake kiko ghorofa ya tatu na lifti yao ni pambo tu. Nilipanda ngazi zote bila kushika ukuta. Daktari alizipanga mezani karatasi zangu za miaka minne, akanionyesha ile namba ya damu inayosema mapafu yamevimba kiasi gani. Kila mwaka imeshuka. Akasema mapafu yaliyochakaa hayawi mapya, na dawa ya kuvuta sitaiacha, lakini kwa damu hii na pumzi hii haoni sababu ya mimi kutozeeka. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nilipoomba mara ya tatu alicheka, akasema foleni nje ni ndefu.

Wanijua nilivyo na papara. Miaka minne iliyopita aliniambia namba iko juu sana, na kwamba wenye ugonjwa huu sugu wa mapafu wakiwa na damu ya namna ile, miaka yao ya mbele huwa migumu. Sikusubiri amalize. Nilichukua kofia yangu nikatoka. Wifi yako ndiye aliyebaki kitini akasikiliza mwisho: kwamba namba moja si hukumu, hushuka mtu akifuata dawa na kukimbia vumbi. Tangu hapo amenisimamia kama askari. Barakoa, dawa asubuhi na jioni, kutembea hadi sokoni na kurudi, na pamba ya makochi naichambulia uani. Nilitii ili kumridhisha tu. Moyoni nilishajizika.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi, mdogo wangu, nimeumbuliwa na uzima.

Ile cherehani yangu niliyokuletea wiki ile ile nilipotoka kwa daktari, nikakwambia nimejinunulia mpya, haikuwa zawadi. Sikununua kitu. Nilikuwa nagawa urithi kwa mkono wangu mwenyewe. Wifi yako nilimwambia iko kwa fundi. Fundi gani huyo wa miaka minne? Nadhani anajua, ananistahi tu. Makochi yote nashona kwa mkono, vidole vimeota sugu. Siku ile ulinikumbatia ukilia kwa furaha, nami nikalia, ukadhani tumefurahi sote. Nisamehe. Nilikuwa nakuaga.

Najua aliyetoa hadai. Mimi nadai! Ile yako ya zamani bado inashona vizuri, kwa hiyo nirudishie cherehani yangu, na uipake mafuta kwanza. Nimepata kazi ya makochi ya ukumbi mzima, na miaka ya kuyashona ninayo.

Wabusu wapwa zangu. Niambie siku utakayofika nayo, nije kukupokea stendi. Usikodi mchukuzi. Mzigo nitaubeba mwenyewe.

Ni mimi kaka yako,
Fundi Makochi