Kitambaa cha Kusimama Wawili

Jumatatu, 4 Juni 1973

Leo tena darasa la kudarizi parokiani. Wanawake watano, sindano tano, mkasi mmoja. Sista Melania alizaliwa Kanada, lakini wazazi wake walitoka Ukraina, na mishono yote anayotufundisha aliipokea kwa bibi yake. Wiki iliyopita ilikuwa mshono wa msalaba. Leo mshono wa kinyume: unahesabu nyuzi na kushona upande wa nyuma tu, na ua linaota upande wa mbele bila wewe kuliona. Nimeupenda mpaka nikasahau chai.

Kwao bibi harusi hudarizi kitambaa kirefu cheupe, halafu yeye na bwana wake husimama juu yake kanisani. Ncha moja ya mke, ncha moja ya mume. Katikati hapaguswi na sindano, ndipo wanaposimama. Hakikatwi. Nyuma pasiwe na fundo hata moja. Nikamwambia Sista mimi nimeshaolewa, hii ni wiki ya sita! Kacheka. Nikimaliza kabla ya sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, tarehe 15 Agosti, padri atatubariki juu yake, mimi na Fidelis.

Fidelis mume wangu. Naandika tena kwa raha zangu: mume wangu.

Jumapili, 10 Juni

Fide karudi jana kutoka misitu ya Mwese, alikokwenda kukagua mizinga. Yeye ndiye Bwana Nyuki wa serikali, na mashati yake yananukia moshi na nta. Sitaki kuyafua. Kile kidonda cha mbung'o mkononi kimepona kabisa. Mwezi uliopita nilikipaka asali kila jioni, na nikakibusu.

Leo kasinzia misa nzima, kichwa begani kwangu. Tulipotoka, Patrisi, mwenzake wa kazini, akapaza sauti mbele ya watu wote: "Bwana Nyuki! Siku hizi unalinda mzinga wa nyumbani tu, eh?"

Mama Tereza, jirani yetu, naye hakubaki nyuma. "Wewe bibi harusi, mwache mtoto wa watu alale hata usiku mmoja!"

Uso uliniwaka. Nilifurahi pia. Nani asingefurahi?

Alhamisi, 14 Juni

Analala mchana kutwa. Mimi nakaa miguuni pake na kushona. Nyumba kimya, kope zake ndefu kama za mtoto. Ningeweza kuishi hivi miaka mia.

Ncha yangu imekwisha. Maua mekundu, kingo nyeusi. Sista anasema nyekundu ni mapenzi, nyeusi ni huzuni. Nyeusi nimeweka mstari mmoja tu, kwa ajili ya marehemu mama.

Jumamosi, 23 Juni

Kasinzia na tonge mkononi. Ugali ukamwangukia mapajani. Nikacheka. Kisha sikucheka.

Usiku kweli hatulali, ila si kwa sababu wanayodhani. Anatembea chumbani, anasema kichwa kinapasuka. Zahanati wamempa klorokwini kwa mara ya pili. Mama Tereza kasema, "Malaria ya ndoa hiyo, itapoa." Leo sikupenda utani wake.

Nimeanza ncha ya Fide. Mizinga midogo, kwa mshono wa kinyume.

Jumanne, 26 Juni

Nilimwamsha anywe chai. Akanitazama. "Wewe nani? Nani kakufungulia mlango?" Akanisukuma. Kikombe kimevunjika, kile cha harusi. Kisha akalala tena kama hakuna kilichotokea.

Nilichukua kitambaa kwa sababu sikujua nichukue nini. Nikavuta kwa nguvu, uzi ukakatika. Nikafunga fundo. Sijalifungua.

Jumatano, 27 Juni

Patrisi kaja kumwona. Kampapasa shingo kwa nyuma, kakuta matezi yamevimba. Hakutania.

"Shemeji, tumekuwa wajinga. Haya ni malale ya mbung'o."

Nani hapa hayajui malale? Mimi nimekulia hapa. Patrisi ameshabeba watu kutoka porini, wamelala hivi hivi. Angekuwa mrina asali yeyote tungempeleka siku ya kwanza. Fide tulimcheka kwa sababu alikuwa bwana harusi.

Jumatano, 4 Julai

Hospitali. Wamemtoa maji ya uti wa mgongo. Wadudu wamefika kichwani.

Daktari kaniuliza, "Amekuwa akilala hivi tangu lini? Nyie mlikuwa mnafanya nini?"

Nikasema nilikuwa nashona.

Kanitazama kama mimi mwehu. Lakini ndiyo kweli. Mwezi mzima nilikaa hatua moja kutoka kwake, nikihesabu nyuzi.

Ijumaa, 13 Julai

Dawa yenyewe ni kali, inamchoma mishipa, wanamshika watu watatu. Nasikia kutoka kwenye veranda. Sina sala tena. Nasema tu basi, basi, basi.

Mamkwe kafika kutoka Mpimbwe na mchele wake kichwani. Fide alifumbua macho, akasema "Mama." Mimi nilikuwa upande wa pili wa kitanda. Hakugeuka.

Nimemwonea wivu mzazi wake. Nimefika huko.

Jumatatu, 16 Julai

Fidelis amefariki. Saa nne asubuhi.

Alhamisi, 19 Julai

Tumemzika juzi. Mamkwe aliomba kile kitambaa kimfunike. Nikakataa. Ncha yake haikuwa imefika nusu. Wanawake wakanong'ona: mke gani huyu anamnyima marehemu kitambaa? Ndiyo, nilimnyima. Mnong'one.

Sista kaniambia kwao vitambaa hivyo hivyo ndivyo vinavyotumika kushushia jeneza kaburini. Mwanzoni hakuniambia. Namchukia. Nawachukia wote waliocheka pale nje ya kanisa, na mimi nikiwa wa kwanza, na uso wangu ule unaowaka.

Jumapili, 5 Agosti

Siandiki. Sili. Mashati yake bado yananukia moshi, lakini kila siku kidogo kuliko jana.

Mamkwe hajarudi kwao. Mpunga wake uko huko, yeye yuko hapa. Leo kaniwekea kitambaa mapajani. "Shona, mwanangu. Hata mishono miwili."

Nimeshona miwili.

Jumatano, 15 Agosti

Kitambaa kilikwisha jana. Ncha ya Fide ina nyeusi nyingi kuliko nyekundu. Mamkwe alikigeuza na kupitisha kidole upande wa nyuma, taratibu, mwanzo hadi mwisho.

"Mwanangu, hapa kuna fundo."

"Naliacha, mama."

Akakikunja, akanirudishia.

Asubuhi kengele ya sikukuu ikalia. Hatukwenda. Nilifagia chumba, nikatandika kitambaa sakafuni kutoka mlangoni hadi kitandani. Nikavua kandambili. Katikati ni peupe, panatosha miguu minne.

Nikasimama upande wangu mpaka kengele ikanyamaza.