Picha Mbili za Ufuo Mmoja

Jumatatu, 4 Agosti

Sijawahi kuona bahari. Hilo si siri, hapa Kisangani walioiona ni wachache. Siri ni hii, na sijamwambia mtu yeyote: Ijumaa iliyopita mteja aliniuliza kama nimewahi kufika Unguja, nami nikaitikia kwa kichwa. Sikufungua mdomo. Nimesema uongo kwa shingo tu.

Leo nimefagia ofisi, nimepanguza meza, nimewasha mashine. Ofisi ni ya Tonton Désiré, mdogo wake Mama. Anauza tiketi za ndege na kupangia watu safari. Tangu nimalize mtihani wa serikali amenikalisha meza ya mbele nikingoja matokeo. Anasema meza hiyo itaniponya haya. Haijaniponya.

Wateja wenyewe ni Papa Kambale na mke wake, Maman Judith. Watu wa Butembo, wana depo, ghala la kuuzia mabati na rangi, mjini. Ndoa yao ina miaka mitatu. Wanapenda jambo ambalo sikujua kama watu hulipenda: kuelea kifudifudi majini, kioo machoni, mrija mdomoni, na kutazama samaki. Wao husema masque na tuba. Zamani walikuwa wakifanya hivyo ziwani, Goma, wameshikana mikono kwa sababu Maman Judith hajui kuogelea vizuri. Sasa, kwa ajili ya vita, Goma hawafiki tena. Wanataka kisiwa.

Niliwaandikia kurasa nne. Wiki nzima nilisoma kwenye mtandao. Morisi: matumbawe yamezunguka kama ua, ndani maji yametulia, lakini Agosti kule ni baridi na upepo. Shelisheli: samaki wako karibu na mawe, unaingia kwa miguu tu, lakini hoteli ni ghali na upepo wa majira haya huchafua maji upande mmoja. Unguja: watu wanasema Kiswahili, Maman Judith ataagiza chakula mwenyewe. Nikapendekeza Unguja, pwani ya mashariki, hoteli yenye mchanga mweupe kama unga wa muhogo.

Walikubali papo hapo. Si kwa ajili ya kurasa nne. Kwa ajili ya kichwa changu kilichoitikia.

Tonton amethibitisha hoteli asubuhi, kisha akaenda Opala kwenye msiba. Kule simu haishiki. Atarudi Jumapili. Wateja wanaondoka Jumamosi ya wiki ijayo.


Jumanne, 5 Agosti

Niandike kwa utaratibu.

Ijumaa ile Papa Kambale aliuliza pia swali la pili. Rafiki yake alimwambia kwamba baharini maji hukauka. "Kule maji inakaukaka?" Hapo ndipo nilipofungua mdomo, mara moja tu siku nzima. Nilisema: si mwezi wa nane.

Nilikuwa na sababu. Kulikuwa na picha mbili za ufuo wa hoteli, zimewekwa na mgeni mmoja. Katika moja maji yamefika karibu na minazi. Chini yake imeandikwa Agosti. Katika nyingine hakuna maji kabisa: mchanga, majani ya kijani, mashua imelala ubavu, wanawake wameinama mbali. Nikasema moyoni, hiyo ni kiangazi. Mimi ni mtoto wa wavuvi wa maporomoko. Kwetu mto una miezi yake. Ukishuka, umeshuka, na Papa, baba yangu, anahamisha mitego. Sikutazama hata tarehe ya picha ya pili.

Leo nilikuwa nazichapa ili niziweke kwenye bahasha yao. Mashua ni ileile. Juu yake kimeanikwa kitambaa cha bluu, na pembe yake imekunjamana vilevile katika picha zote mbili. Nikasoma chini. Saa tatu asubuhi. Saa tisa mchana. Tarehe moja.

Bahari inaondoka na kurudi siku hiyohiyo.

Jioni nilimkuta Papa akifunga kamba za mtego. Nikamuuliza kama maji mengi hivyo yanaweza kwenda asubuhi na kurudi mchana. Alicheka mpaka akakohoa. Alisema, "Nani atayabeba? Mutoni iko na adabu. Inapanda na mwezi yake, inashuka na mwezi yake."

Sikumwambia kwa nini nauliza. Nilichomeka kijiti ukingoni, mahali ambapo maji yanaishia. Ujinga. Nilijua.


Jumatano, 6 Agosti

Maji hayajasogea penye kijiti. Hata kidole kimoja.

Nimesoma asubuhi yote, wateja wawili tu walikuja. Kuna jambo baya zaidi. Maji yakitoka hayatoki taratibu kila mahali. Kwenye ule mwamba wa matumbawe kuna mwanya, na maji ya ufuo wote hupita hapo kwenda nje. Wageni wameandika kwamba yanavuta kwa nguvu. Mmoja alivutwa pamoja na mke wake, mashua ikaenda kuwachukua. Huo mwanya uko mbele ya hoteli niliyochagua. Nilikuwa nimeuona kwenye ramani na kuusifu. Ukurasa wa tatu, kwa mwandiko wangu: "Kwa Maman Judith ambaye haogelei sana, hapa maji yametulia saa zote."

Saa zote. Nani alinituma kuandika saa zote?

Nilifunga ofisi mchana nikaenda kwenye depo. Nilitaka kumwambia. Nilimkuta Maman Judith amesimama katikati ya makopo ya rangi, amevaa kioo kipya usoni, mrija umesimama juu ya kichwa. Wabebaji wanamcheka. Mmoja alisema patron, bosi wao, ameoa kambale kweli. Maman Judith akatoa mrija mdomoni: "Na wewe, nani anakulipiaka ndege?" Wakacheka zaidi. Yeye pia.

Aliponiona alinifungulia mikono. Aliniita petite yangu ya bahari, mdogo wake wa bahari.

Nilinunua misumari. Nikaondoka.


Alhamisi, 7 Agosti

Tonton hapatikani. Nimepiga mara kumi na moja.

Hoteli inakubali kubadilisha au kufuta mpaka kesho saa sita mchana. Baada ya hapo hapana.

Ninajichukia. Woga wangu wa kusema unaweza kumzamisha mtu.


Ijumaa, 8 Agosti

Sikula asubuhi. Nilichukua pikipiki mpaka depo na zile karatasi mbili kifuani. Saa nne kasorobo walikuwa wote wawili kwenye kaunta, Papa Kambale anaandika, Maman Judith anapima waya. Niliweka picha mbele yao. Nikasema ni siku moja, hizi ni siku moja. Nikasema habari ya mwanya. Sauti yangu ilikuwa ndogo, mbebaji mmoja aliacha gunia ili asikie.

Papa Kambale alitazama picha muda mrefu. Hakupandisha sauti. Angepandisha, ingekuwa afadhali.

"Nilikuuliza. Maji inakaukaka? Ukajibu nini?"

Nikasema nilijibu si mwezi wa nane.

"Na ulisema ulifikaka kule."

"Sikusema, Papa. Niliitikia kwa kichwa."

Mbebaji alicheka. Papa Kambale hakucheka.

"Alors, ulifika wapi wewe?"

"Opala," nikasema. "Nilifikaka Opala tu."

Alisema mengi baada ya hapo. Kwamba yeye akiuza bati lenye tundu anajua lina tundu. Kwamba mtoto wa maporomoko anauzia watu bahari. Kwamba atafuta safari yote na kwamba Tonton atamsikia. Nilisimama. Machozi yalikuja, niliyaacha.

Maman Judith alishika picha isiyo na maji. Aliuliza, kama mtu anayeuliza bei, yule anayevutwa kwenye mwanya anapelekwa wapi.

"Nje, Maman. Kwenye bahari kubwa."

"Na mimi ndiye sijuaka kuogelea," alimwambia mume wake.

Papa Kambale akakaa juu ya kopo la rangi. Akamshika mke wake mkono. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekifanya, zaidi ya kwenye karatasi zote nilizosoma.

Kisha Maman Judith akauliza saa. Saa nne na nusu. Akageuza bordereau ya mabati, karatasi ya orodha ya mauzo, akanipa kalamu. "Kaa. Andika tena. Kile unajua, weka huku. Kile haujue, weka kule. Usichanganye."

Nikachora mistari. Safu ya kwanza: nilichosoma. Ya pili: nisichojua. Katikati nikaacha safu moja nyembamba kwa nilichoona, kwa uaminifu. Ilibaki tupu.

Morisi tuliiacha tena, Maman Judith hataki baridi. Shelisheli aliitaka, lakini upande unaochafuliwa na upepo wa Agosti niliuweka kwenye safu ya nisichojua, na hatukupata wa kumuuliza. Tukabaki na Unguja, upande wa kaskazini. Wageni wanaandika kwamba kule ufuo una kina saa zote. Safari hii "saa zote" niliiweka chini ya nilichosoma. Maman Judith akasema, bon, tupige simu.

Alipokea mwanaume wa hoteli ya kaskazini. Nilimuuliza kwa sauti, mbele ya wabebaji wote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Dada, bahari hukupwa na kujaa kila siku, mara mbili. Huku kwetu ikikupwa bado mtu anaelea. Kwenye miamba wanakwenda kwa mashua, na nahodha ndiye anayechagua saa. Mama avae jaketi la kuelea, asione aibu."

Kupwa. Kujaa. Lugha yangu ina maneno ya jambo hili na mimi sikuyajua. Mto wetu haukuyahitaji.

Saa tano na dakika hamsini tulikuwa tumefuta hoteli ya mashariki na kushika ya kaskazini.

Papa Kambale hakunishukuru, na sikutegemea. Alisema tu kwamba yeye hatampigia Tonton. "Utamuambia wewe. Na mdomo. Si na kichwa."


Jumapili, 10 Agosti

Tonton amerudi na vumbi la Opala. Nilimngoja amalize kula. Nilimwambia yote, na kwa mdomo.

Kwanza aliuliza kama wateja bado ni wateja. Nikasema ndiyo. Kisha akasema mtu asiyejua kusema "sijui" hakai meza ya mbele. Kuanzia kesho niko nyuma, kwenye mashine ya fotokopi. Mama alitaka kunitetea. Tonton akamwambia dada yake mkubwa, "Yaya, acha."

Ni haki. Imeuma hata hivyo. Nilikuwa nimeanza kuipenda ile meza.


Jumamosi, 16 Agosti

Wameondoka. Sikwenda uwanja wa ndege. Nilikuwa narudufu vyeti vya ubatizo.

Kabla ya kuondoka Maman Judith alipita na mfuko wa plastiki. Ndani yake kile kioo chake cha zamani cha Goma, mpira umepasuka kidogo. Alinipa huku akiwa tayari amegeuka. Alisema mpya anao.

Nina hofu. Wataelea kesho kutwa. Nilichosoma bado ni nilichosoma.


Alhamisi, 21 Agosti

Hakuna habari. Nimeharibu karatasi nyingi, Tonton ameona. Kila simu ikilia nasikiliza ukutani.


Jumapili, 24 Agosti

Jana jioni Tonton alikuja nyuma akanionyesha simu yake. Ujumbe mfupi wa Papa Kambale. Wamefika Nairobi, wanarudi. Maman ameona kasa. Alivaa jaketi siku zote. Mwishoni: "Petite aambiwe maji ilitoka saa nne, ikarudi."

Tonton aliweka pia mezani pangu ile bordereau ya mabati yenye safu tatu. Papa Kambale alikuwa amemwachia kabla ya safari. Tonton hakusema nirudi mbele. Ameomba tu nichore nyingine kumi kama hiyo, safi, kwa rula.

Leo baada ya misa nimeshuka mtoni peke yangu. Kijiti changu bado kipo, inchi mbili ndani ya maji sasa. Mto umeanza kupanda, kwa mwezi wake. Nimevaa kioo cha Maman Judith, nikafunga mpira uliopasuka kwa kamba ya mtego, nikapiga magoti mahali maji yanapolala, nikaingiza uso.

Mtoto wa wavuvi, na sijawahi kufungua macho chini ya maji. Moyo ulipiga masikioni. Rangi ya chai. Vidole vyangu vya njano. Hakuna samaki hata mmoja. Nilikaa humo mpaka pumzi ikaisha, nikainuka, nikarudi tena.

Nimechukua bordereau. Kwenye ile safu nyembamba ya katikati nimeandika mstari wa kwanza: mto wetu, chini, rangi ya chai.

Papa akijua atacheka mpaka akohoe. Kwa hiyo, daftari, na yeyote atakayekufungua siku moja: haya mengine yameshajulikana, lakini hili la leo asubuhi libaki hapa. Usimwambie mtu. Bado natazama.