Mkono Ndani ya Gunia la Maharage

Shikamoo Baba. Huku Kirushya mvua imekatika, nami nimeshiba ndizi kwa maharage.

Asubuhi mwenyeji wangu, Mama Editha, alizamisha mkono kwenye gunia la maharage ya mbegu hadi kiwiko. "Chini kuna joto, yanataka kuharibika," akasema. Mimi, mwalimu wa baiolojia, nilitia wangu nisihisi kitu. Tulipoyamwaga, ya chini yalikuwa yameanza kuota!

Kila mwaka nafundisha kwamba neva moja hutawanya matawi ndani ya ngozi, na habari ya kila tawi hupitia shina moja kwenda ubongoni. Leo nimeiona kazini mkononi mwa Mama Editha, nikaduwaa.

Baba, kisukari kimeitia ganzi miguu yako. Kila jioni Mama akupapase nyayo, vidole vyake vihisi joto au kidonda kwa niaba yako. Nikirudi nitampokea zamu.

Mwanao, Neema