Kocha Celestin Alikuja Kuchagua Kipa

Kijiji cha Tumbapani,
Wilaya ya Sundargarh,
Odisha.
14 Januari 1998

Mpendwa mdogo wangu Junas,

Yesu asifiwe. Natumaini lile bega lako limepoa, na baridi ya huko kwenye mashamba ya chai ya Assam haikutesi sana. Sisi hatujambo. Mpunga umeshavunwa. Mama anakula vizuri na anagombana vizuri zaidi. Mbwa uliyemwacha amezeeka, sasa wageni wanapita naye anawatazama tu.

Najua unalotaka kusikia kwanza: kama binti yako Albina amepata nafasi ya kipa katika hosteli ya mpira wa magongo ya mjini, asome na ale bila wewe kuvunjika mgongo. Nitafika huko. Lakini njia inapita kwa Celestin, mtoto wa shangazi Phulmani, kwa hiyo vumilia.

Celestin alikuja Ijumaa kuchagua kipa mmoja wa hosteli hiyo anayoifundisha. Alishuka kwenye gari la kukodi amevaa miwani ya jua, na siku hiyo ukungu ulikuwa hauonyeshi hata kisima. Filimbi inaning'inia shingoni kama kengele ya ng'ombe. Wazee wakamwosha mikono, wakamvika maua, Kocha Sahibu huku, Kocha Sahibu kule. Ni wazee hao hao waliokuwa wakimwita Gogo.

Wewe ulikuwa mchanga, hukuona alivyoanza. Tulimweka golini kwa sababu alikataa kukimbia. Tukamfunga magunia ya pumba miguuni, tukamsimamisha katikati ya mawe mawili, mipira ikawa inamgonga. Ufundi wake wote ulikuwa huo: mwili mpana na uvivu wa kuhama. Shirika la reli likampa kazi na jezi, akadumu golini miaka kumi na tano. Timu ya taifa ikamwita kambini, ikamtazama, ikamrudisha. Ile picha iliyoko ukutani kwa shangazi, anaokoa penalti, siku moja isogelee uitazame. Macho ameyafumba. Gazeti liliandika kwamba ni ujasiri. Magoti yalipomwisha wakamfanya kocha, kama vile mtu aliyegongwa na magari mengi apewe leseni ya udereva.

Jumamosi akaanza kutufundisha. Wasichana wetu walikuwa wameingia fainali ya kugombea beberu, wakutane na wa kijiji cha Kusumdihi. Amri yake ya kwanza ilikuwa beberu afunguliwe kamba pale nyuma ya goli na kupelekwa mbali, eti anavuruga akili za wachezaji.

"Akiondolewa watajuaje wanagombea nini?" shangazi akamuuliza mwanawe, uwanja mzima ukisikia.

"Mama, huu ni mchezo wa kisasa."

"Na hilo tumbo lako la kisasa kesho litakula filimbi?"

Beberu akabaki palepale.

Amri ya pili ilikuwa ya Albina peke yake: kipa asitoke mstarini, iwe itakavyokuwa. Aliirudia mpaka jua likazama. Mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kutoka, angefundisha nini kingine?

Jumapili baada ya misa wakacheza. Tulikuwa tunaongoza kwa goli moja, mchezo unaelekea ukingoni, mshambuliaji wa Kusumdihi akawaponyoka mabeki wetu akabaki yeye na Albina. Celestin akapayuka kutoka pembeni, "Baki hapo. Baki, we msichana, usitoke." Binti yako hakumtazama hata kidogo. Alitoka mbio, miguu mitupu, akajirusha kwa ubavu na kuufagia mpira kwa gongo hadi ndani ya shamba la haradali. Paja limechunika, usiwe na wasiwasi, tumelipaka dawa. Beberu akawa wetu.

Ungedhani kocha atafurahi. Alisimama mbele ya wazee akatangaza kwamba hosteli haichukui mtu asiyesikia amri. Atamchukua kipa wa Kusumdihi, aliyefungwa akiwa amesimama wima, kwa nidhamu. Wazee wale wa maua wakatikisa vichwa kukubali. Albina alikuwa anafuta damu. Nami nilikuwa nawaza nitakuandikia vipi.

Lakini unajua desturi ya hapa: beberu ni wa timu, na mgeni hali mpaka wachezaji wamwalike. Nyama ikaiva. Celestin ameketi na sahani yake ya majani, tupu, pua inafuata mvuke. Wasichana wakamuuliza Albina, kwa kuwa ndiye aliyemleta beberu, "Na kocha je?"

"Kocha ana nidhamu," akasema. "Abaki mstarini."

Watu walicheka mpaka wazee nao wakacheka, upepo ulipogeuka. Celestin akasema basi, atalifikiria upya lile suala.

"Lifikirie haraka," shangazi akamwambia, mwiko mkononi. "Ini linapoa."

Kabla halijapoa, Albina alikuwa na nafasi. Goli la reli halikumtoa mstarini miaka yote ile, ini la mbuzi likamtoa. Na alikula, Junas, kama mtu aliyefunga goli.

Nimekubali kwa niaba yako, anaondoka Jumatatu. Nilimuuliza kama ataweza kuishi chini ya kelele za mtu huyu mwaka mzima. Akanijibu, "Baba mkubwa, hosteli kuna helmeti za kipa. Kocha alikuja na moja garini, nimeshaijaribu. Husikii kitu."

Mama anakusalimu, na shangazi Phulmani, na mke wangu Sushila. Celestin hakutuma salamu, mdomo ulikuwa umejaa. Mungu akulinde wewe na bega lako, akurudishe nyumbani ukiwa mzima.

Ni mimi kaka yako, akupendaye hata usipojibu,

Patras Kullu