Shemeji Masanja na Mbogo wa Shamba la Pamba

Mpendwa shemeji Masanja,

Unaikumbuka asubuhi ile ya mbogo? Watu walikuwa ndiyo kwanza wamehamia kijiji cha ujamaa, na mbogo akamjeruhi mama mmoja kwenye shamba la pamba la kijiji. Tukaitwa sisi, askari wa wanyamapori wa huku Bariadi, mimi na wewe uliyemuoa dada yangu.

Njiani nilikutambia bunduki yangu ya 458. "Hii inaangusha tembo."

Ukacheka, bunduki yako ya 375, ndogo kuliko yangu, ikiwa begani. "Na wewe inakuangusha. Unafumba macho kabla hujafyatua."

Nilikasirika kwa sababu ilikuwa kweli. Siku ya kulenga shabaha, risasi tano tu bega langu lilivimba kwa mateke yake. Wewe ulipiga kumi, ukaenda kula ugali. Nikajitetea kwamba risasi ya 458 ni nzito, na kwa mbogo wa karibu hakuna kama hiyo.

"Hapo hujakosea," ulisema, "ila kwa anayeiweza. Hii yangu inapiga teke dogo, nami naona ninakolenga. Ikimpata moyoni, mbogo hatauliza ukubwa wake."

Tulimkuta kando ya shamba, hatua kama arobaini. Nikafumba macho. Risasi ikampata tumboni, akakimbilia kichakani, na ng'ambo ya kichaka kile akina mama walikuwa wakichuma pamba.

Hukunigombeza. "Kaa nyuma yangu, shemeji. Usifyatue."

Ukaingia. Alikuja mbio kutoka kwenye miiba, nami nikaona kiwiko chako kimetulia kabisa. Ulimpiga kifuani, akapiga magoti, akataka kuinuka, ukamwongeza ya pili. Alianguka hatua sita kutoka kwenye viatu vyako.

Watu wakaja na vigelegele. Mwenyekiti akauliza nani kampiga.

"Wote wawili," ulijibu. "Shemeji kaanza, mimi nimemaliza."

Wakatubeba wote wawili, nyama ikagawiwa kila kaya. Kesho yake niliirudisha 458 stoo nikaomba 375. Wiki nzima ulisimama nami ukinifundisha kufyatua macho yakiwa wazi. Hadi nastaafu, hakuna mnyama mwingine niliyemjeruhi akaniponyoka.

Jana niliwaita wajukuu zako uani nikawasimulia yote, hata yale macho niliyofumba. Nilijivuna kulitaja jina lako, shemeji, kuliko nilivyowahi kujivuna kwa jambo langu lolote. Limi, yule mkubwa, akauliza, "Sasa kwa nini babu hakusema ukweli siku ile?"

Nikamwambia: bibi yenu alikuwa katikati ya watu wale, na babu yenu hakutaka amwone kaka yake akichekwa.

Dada alikuwa mlangoni, amesikia. Akasema, "Nilijua. Ndiyo maana nilimpenda."

Pumzika kwa amani, shemeji. Huku kwenu wote wazima.

Ni mimi,
Shemeji yako