Kihispania cha Mama

Mama mpendwa,

Hata sasa nakuandikia nimekasirika. Mwanamke wa Kilwa, umevuka ziwa kutoka Zaire kuja kuuza chisense, dagaa wa huku, hapa Nchelenge, Kibemba chenyewe unakijua cha kuuzia samaki tu, halafu unaamua kujifunza Kihispania! Eti Sista Inesi, yule nesi wa hospitali, mteja wako, hana mutu wa kuongea naye lugha ya kwao.

Alianza na mkate. Akautafuna mbele ya meza yako, akajionyesha kwa kidole: "Estoy comiendo." Ukapiga makofi, soko zima likageuka.

"Kumbe ni kama sisi! Estoy ni niko, comiendo ni nakula. Niko nakula!"

Maneno mengine yote yalikupita kama maji kwenye wavu, lakini ile -ndo uliishika. Nikiuliza kama umefagia: "Estoy barriendo," na umeketi, miguu umenyoosha. Wenzako wanakusubiri mtumbwini waende Mununga, wewe unatuma jibu "estoy llegando", niko nafika, na kichwa chako kiko mikononi mwa msusi, hakijafika hata nusu.

"Mama, ile neno ni ya kazi yenye kufanyika!"

"Mutoto, iko inafanyika mu roho."

Nani angekuweza?

Halafu ile aibu. Kikohozi kidogo tu, ukatuma mutu hospitali: "Ambia Sista, me estoy muriendo." Niko nakufa! Akaja mbio kwenye matope, viatu mkononi, akakukuta unamega bukari, ugali wetu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Yeye akacheka mpaka machozi, akanawa mikono, akala nawe. Toka siku ile akawa mutu wa nyumba.

Sasa niambie, Mama. Ulipougua kweli, mbona hukulisema lile neno? Kila asubuhi Sista alipita, na kila asubuhi ulijipaka mafuta usoni, ukaegemea ukuta: "Estoy mejorando." Niko napona. Akitoka tu, unajikunja na kushika tumbo.

"Usimuambie," ukanikataza. "Atalia, na huku hana mama."

Na sisi je? Sisi tulikuwa na mama wangapi?

Nilimwambia siku ileile. Akakubeba kwa gari la hospitali, akakesha nawe, lakini ugonjwa ulikuwa umeshatutangulia.

Kwenye matanga aliketi mkekani pamoja nasi. Akaniuliza kwa kile Kiswahili ulichomfundisha, "Mama iko nakufa?"

"Hapana, Sista. Amekufa. Imekwisha."

Akatikisa kichwa. Akauliza kama hakuna neno lingine, lenye kuendelea. Nilitaka kumfokea, maana mwalimu wake ni wewe na wewe hukuwepo kufokewa. Nikamtazama, macho yamevimba kama yangu.

"Iko," nikamwambia. "Tuko tunamulilia."

Akalirudia polepole mpaka akalipata.

Bado anakuja kila Jumapili. Anakaa kwenye kigoda chako bila kuuliza, anaweka chumvi kwenye mboga yangu. Ananichosha kama ulivyonichosha wewe. Na siku akichelewa, natoka mpaka barabarani kumtazama.

Pumzika, Mama. Leo usinijibu kitu.

Ni mimi, mutoto wako wa kwanza