Siku Niliyoifuta Kwai

Dar es Salaam, Jumapili

Dada yangu, Mama Zaina,

Shikamoo. Natumaini kile kifua kimepona na baridi ya huko Mlalo imepungua, na kwamba ng'ombe ameshazaa salama. Mimi mwili mzima, chakula nakula. Ila uso sina, Dada, na ndiyo sababu ya karatasi hii. Isome mpaka mwisho kabla hujaanza kunitukana.

Unakumbuka siku ya Idd nilivyokaa dukani kwa mumeo nikawaambia watu kwamba kwenye hii kampuni ya mboga mimi ndiye mkubwa wa kompyuta? Kwamba mashine haiwaki mpaka isikie nyayo zangu, na wazungu wawili wamekuja kunipiga picha? Dada, mimi nafagia ofisi na kuchemsha chai. Mwenye kompyuta ni mwanao Zaina.

Kweli ilikuwa moja tu. Mashine yake ni nzito kuamka, basi akaniambia neno lake la siri ili niiwashe asubuhi kabla hajafika. Zamani ukishaiwasha, ile orodha ya wakulima ambao lori letu linawapitia ilidai neno la pili. Makarani wakawa wanaliandika kwenye vikaratasi na kuvibandika ukutani. Fundi akaja, akabadilisha. Alitueleza hivi: "Ni kama nyumbani kwa watu. Ukishapokewa mlangoni na mwenye nyumba, huko ndani hakuna anayekuuliza tena wewe nani." Yaani ukiingia kwenye mashine kwa jina lako, orodha inakuamini hapohapo, na kila unachogusa inaandika kuwa ni wewe.

Mimi nikasikia pale pa kuaminiwa tu.

Wiki tatu zilizopita akanitembelea Rajabu, yule shemeji yetu anayeuza machungwa barabarani Mombo. Ilikuwa asubuhi, ofisi tupu. Nikawasha mashine, nikamvutia kiti.

"Ona, haiulizi kitu. Inanijua."

"Muongo wewe. Hiyo ni televisheni."

"Televisheni? Taja kijiji chochote, nikifute kwa kidole."

Akacheka mpaka akashika tumbo. "Haya bwana mkubwa, futa Kwai."

Nikaifuta Kwai, Dada. Nilibonyeza, ikaleta maneno ya Kizungu. Sikuyaelewa, lakini Rajabu alikuwa ananiangalia, nikabonyeza tena. Wakulima wote wa Kwai wakatoweka. Nikadhani nikizima na kuwasha watarudi wenyewe. Hawakurudi. Nikampa Rajabu chai.

Keshokutwa yake lori likapanda huko, likachukua mizigo ya Lushoto, likachukua ya Mlalo. Kwai halikuingia, kwa kuwa haikuwemo kwenye orodha. Kabichi za watu zikakaa kando ya barabara mpaka zikawa za kulisha ng'ombe. Za shangazi yetu zilikuwemo.

Meneja akamwita Zaina. Mimi nilikuwa hapohapo, nimeshika sinia.

"Imeandikwa umefuta wewe. Kuna mwingine anayejua neno lako la siri?"

Mwanao akaniangalia. Kisha akaangalia chini. "Hakuna."

Akaambiwa akae nyumbani asubiri barua ya kufukuzwa. Alijua akinitaja nimekwisha. Na mimi, Dada, niliweka vikombe mezani nikatoka.

Siku tatu. Mimi mwenye mdomo wa kuitosha Mlalo nzima, nikawa nafagia na kuchemsha chai tu. Ya nne nikaingia kwa meneja, nikasema. Hakuamini!

"Athumani, wewe hata kalamu inakushinda. Unamkingia mpwa wako."

Nilivyodanganya miaka yote nikaaminiwa, na siku ya kusema kweli ikabidi nibishane. Nikaketi kwenye mashine ya Zaina, nikaandika lile neno la siri mbele yake, ikafunguka. Ndipo akaamini.

Zaina amerudi kazini kwa onyo kali, na fundi ameirudisha Kwai. Mimi nimepelekwa stoo, naosha makreti na kuyaandika yanayorudi. Sasa kila mtu anaingia kwa jina lake, hata mimi nimepewa langu. Jana fundi akaniambia nijaribu kugusa orodha ya wakulima. Ikaleta maandishi ya Kizungu, Zaina akanisomea: Athumani haruhusiwi. Dada, hiyo ndiyo mara ya kwanza mashine kunitambua.

Zaina hajanisema hata neno. Kila asubuhi anapita stoo: "Shikamoo Mjomba." Naitikia marahaba huku nimeinamia makreti.

Mwisho wa mwezi napanda huko. Nitaanzia Kwai kwa shangazi, nikapige magoti, ndipo nije kwako kama utanifungulia.

Msalimie mama yetu mzazi, umwambie Zaina hana kosa. Wasalimie wifi zako, na mwalimu wa chuo cha Kurani aliyenishikisha kalamu. Na barua hii mumeo aisome pale dukani, kwa sauti, kwa watu walewale wa Idd. Pale pa wazungu asiparuke.

Ni mimi mdogo wako,
Athumani, mwosha makreti.